Rauta isiyo na boksi: miezi minne na CHR ya MikroTik juu ya Proxmox, lodge ya Raskazone

Wakuu habari za saa hizi. Niliahidi mrejesho wa hii CHR (rauta ya MikroTik ambayo ni programu tupu) nikachelewa, kazi zilinibana, ila afadhali maana saa hii nimekaa nayo miezi minne na imeshanitoa jasho vya kutosha, sio wale wanafungua boksi asubuhi jioni wanaandika "ni nzuri sana". Hii hata boksi haina, na hapo ndo balaa lilipoanzia.

Kuna mzee mmoja ana lodge huku Raskazone, Tanga, vyumba 14, bahari ile pale. Rauta yake ya zamani (kampuni siitaji) ilifungwa barazani, chumvi ikaila, poti mbili zikawa na kutu ya kijani hadi klipu ya waya haishiki, ukiutikisa wageni wanarudi hewani, ukiuacha wanapotea tena. Mafundi wa Tanga mnanielewa, hewa ya huku inakula hadi bawaba za milango. Mzee akasema nunua mpya. Mimi nikakumbuka stoo kuna kompyuta ya mezani ya mtumba, i5, RAM 16, aliinunua kwa ajili ya kamera, mradi wa kamera ukaishia njiani. Nikamwambia mzee usinunue, rauta tutaiweka ndani ya hii kompyuta. Akaniangalia kama nimemwambia samaki anapanda mnazi.

Kwa asiyejua, haipavaiza ni programu inayoigawa kompyuta moja iwe kama kompyuta kadhaa, kila moja na RAM yake, diski yake na kadi zake za mtandao za kuigiza. Mimi natumia Proxmox, ya wale jamaa wa Vienna kule Austria, imejengwa juu ya Debian, bure kabisa, unaiendesha kwa brauza kupitia poti 8006. Zamani nilikuwa mtu wa ESXi, haipavaiza ya VMware, ila VMware iliponunuliwa na Broadcom mwishoni mwa 2023, mapema 2024 wakaondoa toleo la bure, lilirudi 2025 lakini mimi nilishahama na ukishahama umehama. Alafu kompyuta za mtumba nyingi zina kadi za mtandao za Realtek, ESXi haizitaki, Proxmox inazimeza bila neno. Ukiingia kitakurukia kidirisha kinachokwambia huna usajili, kifunge tu, na hakikisha umebadilisha chanzo cha apdeti kiwe kile cha wasiolipia, la sivyo kila ukiapdeti unapata makosa mekundu.

CHR sasa ni RouterOS ileile, mfumo unaoendesha rauta za MikroTik, ila imetengenezwa kuishi ndani ya mashine pepe, yaani hizo kompyuta za kuigiza. Amri ni zilezile, Winbox (programu yao ya kusetia) ileile, hotspoti na vocha zilezile, ukijua kuseti hEX, rauta yao ndogo ya boksi, hii unaijua. Unadaunilodi faili kulingana na haipavaiza yako, kuna ya VMware, ya Hyper-V, ya VirtualBox, na ile raw ambayo ndo nilitumia. Faili lenyewe dogo, kuna video za harusi WhatsApp zinazolizidi. Nikaipa RAM ya MB 512 na kori moja ya prosesa, kwa lodge inatosha na kubaki.

Kazi ya kuifunga ni nusu saa kama unajua. Mimi ilinichukua jioni nzima mpaka adhana ya isha ikanikuta bado nimeinama. Nilitengeneza mashine pepe bila diski, nikaingiza ile raw kwa amri ya qm importdisk, ikasema imekubali, nikawasha, haiwaki. Inahangaika kutafuta pa kuwakia kwenye mtandao, inarudi mwanzo, inatafuta tena. Nimefuta nimerudia mara tatu, nimedaunilodi faili upya nikidhani limeharibika, bando la simu linateketea. Kumbe diski ikishaingizwa inakaa pale kwenye orodha imeandikwa haitumiki, inasubiri uibofye mara mbili uiunganishe, alafu uende kwenye mpangilio wa kuwaka uitie tiki. Basi. Sio kosa la Proxmox, ni mimi sikusoma. Kadi za mtandao chagua VirtIO, usichukue e1000 eti kwa sababu jina umelizoea, ile inaigiza kadi ya kizamani na inachosha prosesa bure.

Kompyuta ikuwe na poti mbili za kweli. Hii ilikuwa na moja, nikaongeza kadi ya Intel ya mtumba. Kila poti nikaitengenezea briji yake (swichi ya kuigiza ndani ya Proxmox), vmbr0 upande wa ndani kwa wageni, vmbr1 upande wa intaneti, hapo uwe makini maana kadi ya kwanza unayoipa CHR ndo inakuwa ether1, na CHR ikizaliwa inaomba anwani kupitia ether1 tu, zaidi ya hapo haina kitu. HAINA KITU naomba mnielewe. Rauta ya boksi inakuja na faiawoli (ukuta wa kuzuia wavamizi) imeshapangwa, hii inakuja uchi, jina admin na paswedi tupu. Kwa hiyo waya wa intaneti usiuchomeke kwanza, ingia kwa Winbox kupitia anwani ya MAC, ile namba ya kadi yenyewe ya mtandao (haihitaji hata IP, raha sana), weka paswedi, weka faiawoli, ndo uchomeke.

Sasa aibu yangu. Nimemaliza, vocha zinatoka, mzee kafurahi, kesho yake dada wa mapokezi ananipigia, "kaka, wageni wa chumba namba 6 wanasema picha haifunguki." Nikapima spidi, mega moja kasoro. Tumelipia kifurushi cha mega 40! Nikawapigia jamaa wa intaneti, siwataji, na kwa kweli hawakuwa na kosa lolote, nikawapa maneno makali, wakaja na pikipiki juani, wakachomeka laptopu yao moja kwa moja kwenye waya wao, 41. Wakaniangalia. Nikajiangalia.

Iko hivi: CHR ya bure imefungwa 1 Mbps kwa kila intafesi (kila poti yake), kwa data inayotoka. Mgeni akishusha video, data inatokea upande wa ndani, inabanwa. Akipandisha picha, inatokea upande wa nje, inabanwa vilevile. Na hiyo mega moja ni ya lodge nzima, sio ya kila mgeni. Imeandikwa wazi kabisa kwenye maelezo yao, hawajamficha mtu, ile ya bure ni ya kujifunzia. Dawa ni kufungua akaunti kwenye tovuti yao, unaingia menyu ya leseni, unaomba majaribio ya siku 60, kasi inafunguka palepale. Nikaomba, nikapima, 40. Prosesa inasinzia tu, haifiki hata asilimia 5.

Siku 60 zikiisha haikatiki wala haikurudishi mega moja, ila huwezi tena kuapdeti mpaka ulipie, na rauta isiyoapdetiwa mi siipendi hasa ikiwa inaangalia intaneti. Daraja la kwanza, P1, linaenda hadi 1 Gbps kwa dola 45, unalipa mara moja ni yako, na kompyuta ikifa unaihamishia kwenye CHR nyingine ndani ya akaunti yako. Hapo juu kuna P10 ya dola 95 na isiyo na kikomo dola 250, hizo waachie wenye biashara ya kuuza intaneti. Nililipa kwa kadi ya mtandaoni ya kwenye simu, laki moja na ushee, dakika mbili.

Mzee sasa. Nampelekea risiti, "shikamoo mzee, hii ya rauta". Anaisoma, anaigeuza nyuma, "mwanangu, laki yote hii, rauta yenyewe iko wapi niione?" Nikamwambia imo humo ndani ya kompyuta. Akasema yaani nimenunua kitu siwezi kukishika? Nikakosa jibu, nikamfungulia Winbox akaona vimistari vinapanda na kushuka, akaguna.

Ninachokipenda zaidi ni bakapu. Rauta nzima inabakapiwa kwa sekunde kadhaa kwa vile diski ni ndogo, kabla ya apdeti napiga snapshoti (nakala ya hali yake ya wakati huo), ikigoma narudi nyuma kabla mgeni hajamaliza kulalamika. Rauta ya boksi haikupi hiyo. Nisichokipenda ni mayai yote kwenye tenga moja, kompyuta ikizima, intaneti nayo chali. Umeme ulikatika usiku mmoja, ukarudi, Proxmox ikawaka, rauta haikuwaka maana sikuweka tiki ya kuwaka yenyewe, nami niko Pongwe msibani na kwa mbali siingii maana njia ya kuingilia ni hiyohiyo rauta iliyolala! Ikabidi nirudi na bodaboda. Weka hiyo tiki, weka na kwenye BIOS iwake umeme ukirudi, na Proxmox ipe IP ya kudumu, isiitegemee rauta iliyoibeba yenyewe tumboni.

Nyota 4 kati ya 5 kwa fundi anayeishi karibu na kazi yake. Kama lodge iko Pangani na wewe uko mjini, nunua hEX ya boksi, weka ndani mbali na chumvi, lala.

Ah, nilisahau. Wiki iliyopita intaneti ilikata saa nne asubuhi, nafika nakuta kijana wa usafi kachomoa kompyuta kachomeka pasi, eti "hii si haitumiki, haina hata monita". Mzee mwenyewe ndo alichukua karatasi, akaandika kwa makapeni mekundu RAUTA IMO HUMU USIGUSE, akaibandika kwa gundi.