Duka la kukata bodi Mtwara mjini: mashine safi, kaunta imenikera mno

Naandika hasira bado ninazo ila acha niandike hivyohivyo, maana mafundi wenzangu wa Mtwara na hata nyie wa Lindi mnaofunga safari kuja kukata bodi huku, mjue mnachoenda kukutana nacho. Jina la duka sitaji. Ni la hapa mjini, wana mashine ya kukata na ya kubandika ejingi, ule utepe wa kufunika kingo za bodi.

Kazi yenyewe ilikuwa shelfu za kujengea ukutani, ukuta mzima, kule Mikindani, kwa mama mmoja mwalimu mstaafu ambaye ana vitabu vingi kwelikweli. Mwanae yupo Dar kamchorea kwenye kompyuta, mchoro una rangi, umependeza, ila haujengeki. Shelfu za sentimita 240 kutoka ukuta hadi ukuta, za MDF, ile bodi ya unga wa mbao uliogandishwa, katikati hamna nguzo hata moja, zimening'inia tu. Sasa vitabu vikipangwa mita moja vinaweza kufika kilo 30, na MDF ya milimita 18 ukishapita kama sentimita 80 bila kuishikiza inaanza kubonyea taratibu na ikishabonyea ndo basi tena hairudi. Afu nyumba yenyewe ni ya kizamani, mawe ya matumbawe na chokaa, ukitia drili unatoka unga mtupu, fisha, kile kiplastiki cha kushikia skrubu, inazunguka humo ndani haishiki kitu, na ukuta una kitambi, ukishusha timazi unakuta katikati umetokeza karibu sentimita tatu. Wazee wa mwambao waliokuwa wanajenga hizi nyumba waliacha zidaka ndani ya ukuta wenyewe, vyombo na misahafu vinakaa humo, hakuna aliyehangaika kuning'iniza mzigo kwenye matumbawe.

Nikakaa na mama, nikamweleza kwa adabu kwamba mama, mchoro wa kijana nimeuelewa, sura yake tutaibakiza ila lazima ziingie nguzo nne zisimame chini sakafuni zibebe uzito, ukuta tusiutegemee. Akanijibu, "Mwanangu, fundi ni wewe, mie nataka visinidondokee tu." Basi, hapo tumemalizana. Nikaupima ule ukuta ngazi kwa ngazi, yaani shelfu moja moja, kila ngazi na kipimo chake kwa sababu juu na chini havilingani, nikaandika orodha ya vipande kwenye daftari. Kina nikaweka sentimita 33, sio 30 kama ya kwenye mchoro, ile ziada ni ya kuchonga nyuma bodi ifuate kitambi cha ukuta.

Dukani nikaenda na karatasi zote mbili. Mchoro waone rangi ya ejingi, orodha wakatie. Nikamwambia yule kijana wa kaunta kwa mdomo wangu, vipimo ni hivi vya kwenye daftari, huu mchoro ni wa rangi tu. Hata shikamoo hamna, macho yapo kwenye simu, akapokea, akasema pitia jioni.

Jioni nakuta bodi mbili zimeshakatwa kwa mchoro! Zote 240, kina 30, nguzo hakuna hata moja. Namuuliza ananijibu watu wamejaa pale, "Fundi, hii ya kompyuta ndo ina vipimo, hiyo yako umeandika tu kwa mkono." Nikamwambia mwanangu mimi ndo niliyepima. Akasema, "Nyie mafundi wa randa ndo mlivyo, mnabadilisha kazi za wateja kisa mashine hamzijui," afu eti ameniokolea bodi mbili kati ya nne nilizolipia, nimshukuru!

Jamani. Mimi na umri wa baba yake. Na nisieleweke vibaya, bodi inauma lakini kilichonichoma ni lile neno, umeandika tu kwa mkono. Hizo namba nimezipata nikiwa nimepiga magoti kwenye ule ukuta, tepu mkono huu timazi mkono huu, vumbi la chokaa machoni. Aliyechora yupo Dar, ukuta hajaugusa. Sasa nani ana vipimo?

Haya, niseme na ukweli. Mashine yao sijaona mfano wake hapa mjini. Bodi inatoka imenyooka, kingo hazimegeki hata kidogo, ukikata ile bodi yenye rangi kwa msumeno wa mkono unajua mwenyewe inavyobanduka. Ejingi unapitisha kidole husikii maungio. Na yule baba anayekata huko nyuma ni mtu na nusu, alisikia zogo akaja, akalichukua daftari langu akalisoma lote, akaniuliza hii 33 ni ya kuchongea ukuta sio, nikamwambia ndiyo. Akazikata zile bodi mbili zilizobaki kama nilivyoandika, nguzo zote na ngazi za juu, tena akapunguza kwenye hesabu ule upana unaoliwa na msumeno bila kukumbushwa. Huyo nampa maksi zote, na kwa kazi yake ningesema nendeni tu.

Ila nikikumbuka zile za 30 naghairi. Nimezikata upya, nyuma nikaongezea mbao ya mninga niichonge ifuate ukuta, mninga umetoka mfukoni mwangu maana mama simwongezei bei kwa kosa la kaunta. Shelfu zimesimama, hazitikisiki, mama kafurahi. Hiyo ni jasho langu, duka wasijihesabie.

Kwa hiyo mkienda, msiache karatasi kaunta. Piteni moja kwa moja nyuma kwa mkataji, msomeeni vipande kimoja kimoja na mumsubiri hapohapo. Kama hawawaruhusu kupita, rudini na hela zenu. Na hizo bodi mbili bado nawadai, kila nikienda naambiwa bosi hayupo.