Nimechongesha manowari ya Kifaransa Kibirizi: kazi safi ila ujiandae kusubiri

Iko mezani sebuleni tangu juzi na kila anayeingia anauliza hii ni meli gani, ndo maana naandika kabisa, halafu kuna watu humu Kigoma wanaagiza zawadi za mbao kutoka Dar wakati fundi tunaye hapa hapa Kibirizi, pale chini ufukweni wanapounda maboti ya dagaa. Jina lake silitaji kwa sababu sijamwomba ruhusa, we fika tu ulizia fundi wa vimeli vidogo utaonyeshwa.

Oda yangu haikuwa ya kawaida. Wengi wanamwagiza mtumbwi au Liemba, ile meli kongwe ya ziwa letu Tanganyika, mimi nilitaka Implacable, manowari ya Waingereza ya mizinga 74 ambayo kiukweli imezaliwa Ufaransa. Iliundwa Rochefort, ramani ya Jacques-Noël Sané, ikashushwa majini mwaka 1800 ikiitwa Duguay-Trouin. Oktoba 1805 ikapigana Trafalgar, ile vita kubwa ya majini karibu na Hispania, upande wa Napoleon, ikaponyoka salama, wiki mbili tu baadaye ikakamatwa kule Cape Ortegal, kaskazini mwa Hispania, Waingereza wakaipeleka kwao wakaitengeneza wakaipa jina jipya, na mwaka 1808 ikawa inapigana na Warusi bahari ya Baltic. Mbao zile zile, mkuku (uti wa chini wa meli) ule ule, bendera nyingine.

Nilimpelekea fundi picha nilizoprinti mtaa wa Mwanga hapa mjini. Akaziangalia muda mrefu hasemi kitu, halafu akauliza, "Mwalimu, kwa hiyo hii ni Liemba yao?"

Aisee hapo ndo nilijua nimefika kwa mtu sahihi. Maana Liemba nayo ilikuwa Graf von Goetzen ya Wajerumani, imeundwa Papenburg 1913, ikaletwa vipande vipande kwenye masanduku, ikapanda treni mpaka hapa ikaungwa tena na kushushwa ziwani 1915, mwaka uliofuata, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wakaizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi wakiwa wameshapaka injini grisi zisiharibike, Waingereza wakaja kuiibua 1924 na 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Ila nikamwambia fundi, Liemba haikutekwa vitani. Iliyotekwa ni Kingani, boti ndogo ya Wajerumani, ilikamatwa hapa hapa Tanganyika tarehe 26 Desemba 1915, Waingereza wakaiita Fifi, na Februari 1916 hiyo hiyo Fifi ikashiriki kuizamisha Hedwig von Wissmann, mwenzake wa zamani. Hiyo alikuwa hajawahi kuisikia, akaweka patasi chini kabisa akaniambia rudia.

Sasa kazi yenyewe. Mwili ni mninga, una sentimita 70 wakati meli yenyewe ilikuwa na mita karibu 55, hesabu mwenyewe. Mara ya kwanza alichonga tumbo kubwa kama boti la dagaa, anasema meli ya kubeba mizinga yote hiyo lazima iwe na tumbo, tukabishana kidogo. Nikamweleza kwamba Wafaransa walikuwa wanaunda meli ndefu zenye mstari mzuri majini, na ndo maana Waingereza walizipenda walipoziteka, zilikuwa zinakimbia, ingawa walilalamika kwamba mataruma yake, yaani mbavu za ndani, ni mepesi na zinarudi gereji mara kwa mara. Akanielewa mara moja, akasema hata boti za huku zipo hivyo, ukitaka mbio unapunguza mbao. Akapitisha randa siku mbili na sasa ukiitazama kutoka omo (mbele) mpaka tezi (nyuma) unaona kabisa ile mbio.

Matundu ya mizinga ndo kilichoniua. Anatoboa kwa drili halafu anakaa na katupa kadogo anayafanya ya mraba, moja moja, 14 safu ya chini na 15 safu ya juu kila ubavu. Mi nilihesabu. Upande wa kushoto juu yalikuwa 14, nikamwonyesha, hakubisha, aling'oa ubao mzima akaanza upya. Kamba zote ni uzi wa nyavu alioupaka nta, foromali, zile boriti za kutundikia tanga, ni mianzi. Rangi nyeusi na mistari ya njano kama Waingereza walivyokuwa wanapaka enzi za Nelson, admirali wao wa Trafalgar.

Nyuma kule kwenye madirisha ya kapteni usiniulize kafanyaje. Sehemu hiyo ya meli halisi ndo imebaki, ipo makumbusho Greenwich, mwili wote waliuzamisha wenyewe Desemba 1949 kwa sababu hela ya kuutengeneza ilikosekana baada ya Vita vya Pili vya Dunia, meli ya karibu miaka 150, na walipoizamisha waliipandishia bendera mbili, ya Ufaransa na ya Uingereza. Mimi hii habari inaniuma mpaka leo. Nilimwomba fundi aweke bendera zote mbili, mke wake akazishona kwa mkono, ndogo kama stempu, na majina yote mawili yameandikwa, Implacable nje na Duguay-Trouin chini ya mkuku, huioni mpaka uinyanyue.

Malalamiko yangu. Alisema wiki tatu zikawa saba, na simu hapokei akiwa kwenye msumeno, bora uende mwenyewe. Vanishi ya milingoti mpaka leo inanata ukigusa. Pia hana boksi la kubebea, nimeipakata kwenye bajaji kutoka Kibirizi na foromali moja ikavunjika njiani, nikarudi kesho yake akaitengeneza bure bila maneno, kwa hilo nampa heshima yake. Bei ni 180,000, nusu advansi, na kwa kazi niliyoiona mimi naona amejipunja.

Ukitaka kuagiza za aina hii zipo nyingi sana. Kuna Tonnant na Spartiate, zote Waingereza walizitwaa kwa Wafaransa vita ya Nile, baharini kule Misri, 1798 na zote mbili zikaenda Trafalgar kupigana na walioziunda. Kuna Canopus pia, zamani Franklin, nayo ilitekwa Nile ila haikuwepo Trafalgar kwa sababu ilikuwa imetumwa Gibraltar kuchukua maji na chakula, nahodha wake alikuwa Francis Austen, kaka yake yule mwandishi Jane Austen. Peleka picha za pembeni, za mbele na za nyuma, asifanye kwa kukisia, na uende naye kuhesabu.

Mimi nimeshamwachia advansi ya pili. Anachonga Fifi.