Ndege wa Pwani Wakati wa Kaskazi: Mahali pa Kulipia Safari ya Siku Moja kati ya Mombasa na Gongoni

Baridi inapokaza Siberia na Asia ya Kati, ndege wa fukwe huhama kwa maelfu na kushuka hadi pwani ya Afrika Mashariki. Wengine huanza kuonekana mapema, Agosti na Septemba, lakini kwa msafiri mwenye siku moja tu miezi ya kuaminika ni kuanzia Novemba hadi Machi, upepo wa kaskazi unapovuma, na iliyo bora zaidi ni Januari na Februari, kwa kuwa mvua za vuli zimekwisha na za masika bado hazijafika. Sehemu tano zilizomo humu, zote katika pwani ya Kenya, zimepangwa kwa kuzingatia anachokipata msafiri kwa nauli, kiingilio na malipo ya mwongozaji, ikichukuliwa kwamba analala Mombasa, Kilifi, Watamu au Malindi na anataka kurudi siku hiyo hiyo.

Kabla ya kuchagua mahali ni lazima kuchagua siku, na siku huchaguliwa kwa kuangalia mwezi wa angani. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu pamoja na siku moja au mbili zinazofuata, maji ya pwani hii hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, kisha hujaa mnamo saa kumi au saa kumi na moja jioni, na tofauti kati ya kupwa na kujaa huweza kupita mita 3. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, saa hizo hugeuka, yaani maji hujaa asubuhi na kupwa jioni, tena kwa tofauti ndogo. Kila siku saa ya kujaa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Jambo hili lina uzito kwa sababu ndege wa fukwe hufuata maji: yakipwa, hutawanyika kwenye matope mapana kiasi kwamba hata darubini nzuri huonyesha nukta tu, na yakijaa, husukumwa kidogo kidogo hadi wakusanyike karibu na mtazamaji.

Kuna sababu ya pili, ambayo vijitabu vya watalii huiruka. Katika pwani yetu jua huchomoza baharini, kwa hiyo anayetazama upande wa bahari asubuhi huona vivuli vyeusi visivyo na rangi, ilhali alasiri jua humkaa mgongoni na kila unyoya huonekana. Alasiri ya bamvua humpa msafiri vitu viwili kwa pamoja, yaani maji yanayojaa na mwanga ulio upande wake. Jedwali la maji la Mombasa hupatikana kwa urahisi, na asiyelipata amuulize mvuvi yeyote, maana hilo ndilo analoamkia kila siku.

Nafasi ya kwanza ni ya Mida Creek, karibu na Watamu, na sioni mshindani wake wa karibu. Ni hori pana lililozungukwa na mikoko, lenye mlango mwembamba wa bahari, na kwa sababu ya wembamba huo maji ya ndani huchelewa kidogo kuliko yale ya nje. Upande wake wa magharibi, kusini kidogo ya Gede, kuna daraja la mbao lililoning'inizwa kati ya mikoko ambalo humfikisha mgeni kwenye kibanda cha kutazamia ndege kilicho ukingoni mwa matope. Miundombinu hiyo ilijengwa kupitia mradi wa shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya, na kiingilio chake huchangia karo ya wanafunzi wa sekondari wanaotoka katika vijiji vinavyopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke. Kiingilio hicho ni kidogo ukilinganisha na kile cha hifadhi kubwa, na ni nadra kuona fedha ya mtalii ikifuata njia fupi namna hiyo.

Unachokilipia hapo hasa ni kumwona ndege mla kaa, ambaye wataalamu humwita Dromas ardeola. Ni mweupe, ana mgongo mweusi, miguu mirefu ya rangi ya kijivu, na mdomo mweusi mnene usiofanana na wa ndege mwingine yeyote wa fukwe. Huzaliana kwenye fukwe za Ghuba ya Uajemi, Oman na Bahari ya Shamu, akichimba shimo refu mchangani na kutaga humo yai moja jeupe ambalo hupata sehemu ya joto lake kutoka kwenye mchanga wenyewe. Kibandani inafaa kumtazama mmoja tu kwa robo saa nzima. Husimama kimya, hukimbia hatua chache, husimama tena, kisha humchoma kaa ghafla, na kama kaa ni mkubwa humtikisa mpaka miguu imchomoke ndipo ammeze. Mara nyingi nyuma yake hufuata kinda wa mwaka huo, mwenye rangi ya kijivujivu, akilialia kuomba chakula, kwa sababu ndege hawa huendelea kulisha watoto wao hata baada ya kuvuka bahari pamoja nao.

Wengine wa kutarajiwa Mida ni chamchanga wa aina nyingi, wale wadogo wanaokimbiakimbia ukingoni mwa maji, wakiwamo waliozaliwa katika nyanda za barafu za kaskazini ya Urusi, pamoja na sululu wenye midomo mirefu iliyopinda. Mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili, kabla ya kuondoka, baadhi yao huvaa manyoya ya kuzalia na vifua vya kijivu hugeuka vyekundu kama kutu, hivyo anayeweza kuvumilia hatari ya mvua ana sababu ya kuchelewesha safari. Fika zikiwa zimebaki saa tatu maji yajae na usiondoke mapema. Darubini ya kawaida ya 8x42 inatosha kwa saa ya mwisho, lakini kabla ya hapo utahitaji ile kubwa ya miguu mitatu. Muulize mwongozaji kama anayo kabla ya kukubaliana bei, kwa sababu anayekuja na macho yake tu anakuuzia nusu ya huduma. Usishuke kwenye matope wakati maji yanaingia, hata kama mahali panaonekana pakavu.

Mida ina faida nyingine ya kijiografia. Msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa takribani kilomita za mraba 420, uko ng'ambo tu ya barabara kuu ya Mombasa na Malindi. Ndege wa msituni huchangamka alfajiri, kwa hiyo siku ya bamvua mtu anaweza kuingia msituni saa kumi na mbili na nusu, akamtafuta yule bundi mdogo wa Sokoke akiwa amesinzia kwenye kichaka, akala chakula cha mchana Gede, kisha akawa kibandani Mida saa nane. Msituni unalipa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya na mwongozaji wako, na mwongozaji huyo usimkwepe kwa kubana matumizi, kwa kuwa bundi yule haonekani na mgeni anayejitafutia mwenyewe. Kwa nauli moja, sijui siku nyingine ya pwani inayorudisha zaidi.

Nafasi ya pili ni mlango wa mto Sabaki, kilomita chache kaskazini ya Malindi. Mto huu, unaoitwa Athi huko bara na Galana katikati ya safari yake, huleta udongo mwekundu unaotengeneza fungu za mchanga na matope mdomoni mwa bahari. Shakwe na buabua, ambao ni ndege wa baharini, hukusanyika hapo kwa mamia, heroe (flamingo) huja kwa vipindi, na chamchanga hupumzika kwenye fungu maji yanapojaa. Kwa wingi wa shakwe na buabua, Sabaki huishinda Mida. Imekaa ya pili kwa sababu haina kibanda wala kivuli, inadai mwendo wa miguu juani kutoka barabarani, na mto hubadilisha fungu zake kila msimu hata aliyekuja mwaka jana asijue ndege watakaa wapi mwaka huu. Tena kuna viboko. Mwongozaji wa kijijini anayejua walipolala jana ni wa lazima, na matete yaachwe kabla ya magharibi.

Tahadhari moja kwa anayesoma matangazo ya safari: kuna ndege wa Madagaska, Glareola ocularis, anayetajwa sana kama hazina ya Sabaki. Yeye huja wakati wa kusi, upepo wa katikati ya mwaka, na hurudi kwao kuzaliana kaskazi inapokaribia. Anayeahidiwa ndege huyo mwezi wa Januari anauziwa kitu kisichokuwapo.

Kishawishi cha kuunganisha Mida na Sabaki katika siku moja ni kikubwa, kwa kuwa umbali kati yake ni wa chini ya saa moja kwa gari. Tatizo ni kwamba zote mbili huwa bora katika saa ile ile ya maji na mwanga, hivyo anayezigawanya huishia kuona nusu ya kila moja. Mwenye siku mbili alale Malindi, na mwenye siku moja achague Mida.

Ya tatu ni mashamba ya chumvi ya Gongoni na Kurawa, mbele zaidi kwenye barabara ya kuelekea Garsen. Maji ya bahari yakifunika matope ya nje, ndege huhamia kwenye vidimbwi vya chumvi, na hapo idadi yao inaweza kushangaza. Hata hivyo hayo ni maeneo ya kazi yenye wenyewe: ruhusa huombwa mapema, na huenda ukanyimwa langoni baada ya kulipa gari la siku nzima. Yanamfaa mwenye gari lake, au kundi linalogawana gharama.

Kilifi ni ya nne. Kati ya Oktoba na Machi keremkerem wekundu, ndege wala nyuki, huja jioni kulala kwenye mikoko ya hori la Kilifi, na kuwatazama ukiwa ndani ya mashua jua linapozama ni starehe kweli. Lakini unalipia mashua nzima kwa ajili ya ndege wa aina moja kwa saa moja, kwa hiyo patana na nahodha mkiwa wengi, na mkubaliane kwamba injini itazimwa mapema.

Ya tano ni hori la Tudor hapo Mombasa, kwa yule aliyebanwa na kazi mjini na mwenye saa mbili tu. Ataona yangeyange na chamchanga wachache kwa nauli ya tuktuk, na asitegemee zaidi.

Sehemu mbili zimeachwa nje ya orodha kwa makusudi. Kisite, kule Shimoni, husifiwa kwa buabua wanaotaga visiwani, lakini utagaji huo ni wa miezi ya kusi, na kaskazi gharama ya boti italipia zaidi matumbawe na pomboo. Delta ya mto Tana, iliyoorodheshwa mwaka 2012 katika mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, ina ndege kuliko zote zilizotajwa hapa, ila kwenda na kurudi humaliza mchana wote barabarani. Hiyo ipangiwe angalau usiku mmoja wa kulala huko.