Samuel Smith au Wetherspoon: unywe wapi katikati ya London?

Kwa mwenye pauni za kuhesabu anayetafuta baa, majina ni haya mawili, kila moja likiwa la kampuni yenye baa nyingi. Kila moja husifika kuwa rahisi kuliko jirani zake, na kwa kawaida ni kweli, ingawa katikati ya jiji usitarajie bei za mikoani.

Kwa sura, Samuel Smith hana mpinzani. Ingia baa yao ya Princess Louise pale Holborn: vioo vilivyochorwa nakshi, mbao zinazogawa ukumbi kuwa vijumba vidogo, hata choo cha wanaume kina marumaru ya enzi za Malkia Victoria. (Usione haya kukichungulia, wengi hufanya hivyo.) Hakuna muziki wala televisheni, na mwaka 2019 kampuni ilipiga marufuku simu na kompyuta. Ila wanauza vinywaji vyao wenyewe tu, kutoka kiwanda chao cha bia katika mji wa Tadcaster. Ukitaka Guinness, umepotea njia.

Wetherspoon, iliyoanza 1979, hupenda majengo makubwa yaliyokuwa na kazi nyingine. Baa yao ya Knights Templar, mtaa wa Chancery Lane, ilikuwa benki. Bia ni za kila aina, chakula kipo tangu asubuhi, na unaweza kuagiza kwa programu ya simu ukiwa umekaa. Ijumaa jioni, hata hivyo, kelele ni za stendi ya mabasi.

Mkiwa wawili wenye mazungumzo, nendeni Holborn. Mkiwa kundi lenye njaa, au una watoto mchana, Wetherspoon itakufaa zaidi. Ukiwa peke yako na kitabu? Inategemea kama unaweza kukaa bila simu.