Flashi, memori kadi au modulata: kipi ununue kwa muziki wa gari lako

Kinachoamua ununue nini si wingi wa nyimbo ulizonazo, ni redio iliyomo ndani ya gari. Redio nyingi zilizopo barabarani kwetu zilikuja na magari ya mtumba kutoka Japani, na zilitengenezwa wakati flashi ya GB 8 ilikuwa kitu kikubwa. Ukichukua ya GB 256 kwa sababu bei imekuvutia, kuna uwezekano mkubwa kwamba redio itaikataa, au itabaki inasoma tu bila kufika popote. Flashi inakuwa nzima kabisa, ila redio haielewi jinsi ilivyopangwa ndani.

Kabla ya kutoa pesa

Kagua tundu kwanza. Lenye alama ya USB, ile ya mstari wenye matawi matatu, kwa kawaida ndilo linalosoma muziki. Lenye alama ya betri au ya radi peke yake ni la kuchajia simu, na hata uchomeke flashi ya bei gani halitapiga wimbo. Kama alama zimefutika, azima flashi yoyote yenye nyimbo, ichomeke, kisha bonyeza kitufe cha kubadilisha chanzo cha sauti. USB isipotokea kwenye orodha, hilo si tundu la muziki.

IST, Passo, Vitz na Probox nyingi hazina tundu la USB kabisa, lakini redio zake za ramani zina nafasi ya memori kadi, mara nyingi nyuma ya kioo kinachoinama. Hapa kuwa mwangalifu sana. Kadi unayoikuta humo huenda ni kadi ya ramani, na baadhi ya redio za Toyota hukataa kufanya kazi ikichomolewa. Usiifute ili uweke nyimbo. Watu wamepoteza redio nzima kwa njia hiyo, kisha wakahangaika mitandaoni kutafuta kadi ya aina ileile. Kabla ya kubomoa chochote, mwambie fundi aangalie pia nyuma ya redio, kwa sababu baadhi zina soketi ya USB ambayo haikuwahi kufungwa waya, na waya wake huuzwa peke yake.

Nafasi ya kwanza: flashi fupi ya GB 32

Kwa gari lenye tundu la USB, nunua hii na usihangaike na nyingine. GB 32 ndicho kipimo kikubwa zaidi ambacho kompyuta ya Windows imekuwa ikikubali kukifomati (kukipanga upya ndani) kwa FAT32 kupitia kisanduku chake cha kawaida, na FAT32 ndiyo lugha ambayo karibu kila redio ya gari inaielewa. Flashi za GB 64 kwenda juu aghalabu hutoka kiwandani na exFAT, mpangilio mwingine, na hapo ndipo redio za zamani zinapokwama.

Wala GB 32 si ndogo. Wimbo wa dakika nne wa MP3 ya kbps (kilobiti kwa sekunde) 192 unakula karibu MB 5.8, kwa hiyo zinaingia nyimbo zaidi ya 5,000. Kwa kbps 320 wimbo huohuo ni MB 9.6, nawe bado unapata zaidi ya 3,000. Redio nyingi zitaishiwa uwezo wa kuhesabu faili kabla wewe hujajaza nafasi.

Ufupi ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Flashi ndefu iliyochomoza kwenye dashibodi inagongwa na goti la abiria, inavutwa na mtoto, na kila pigo linakwenda moja kwa moja kwenye zile sehemu nne zilizochomelewa kwa risasi zinazoshikilia tundu ndani ya redio. Zikilegea, muziki unakatika kila ukipita tuta. Watu hutupa flashi na kununua nyingine, na tatizo linabaki palepale. Chukua ile inayochomoza chini ya sentimita moja, kama SanDisk Cruzer Fit.

Usilipie kasi kwa ajili ya redio. MP3 ya kbps 320 inahitaji kilobaiti 40 tu kwa sekunde, kiasi ambacho USB 2.0 inakimudu bila shida yoyote. USB 3 itakusaidia nyumbani wakati wa kunakili nyimbo, basi. Tena flashi fupi za USB 3 zina sifa ya kupata moto, na gari lililoegeshwa juani Dar au Mombasa tayari lina joto la kutosha.

Sasa feki. Hili ndilo linaloumiza wanunuzi wengi, Kariakoo ya Dar na Luthuli Avenue ya Nairobi vilevile. Flashi feki ina kumbukumbu ndogo, tuseme GB 8, ila imechezewa ili ijitambulishe kama GB 128 au hata TB 2. Unanakili nyimbo, kompyuta haisemi kitu, majina yote yanaonekana kwa sababu orodha ya majina hukaa mwanzoni mwa flashi, mahali ambapo kumbukumbu ipo kweli. Ukiingia barabarani nyimbo za kwanza zinapiga vizuri, zinazofuata zinakwaruza au zinaruka, nyingine ziko kimya kabisa. Zilizopita uwezo halisi hazikuandikwa popote, au zimeandikwa juu ya zilizotangulia.

Dawa ni kuipima siku ileile uliyonunua, kabla risiti haijapotea. Kwenye Windows tumia H2testw, kwenye Linux au Mac tumia F3. Programu hizi zinaijaza flashi yote kisha zinasoma upya kila kilichoandikwa. Kwa GB 32 tenga saa moja hadi mbili. Ikitoka na kosa hata moja, irudishe dukani. Na ukiona flashi ya TB 2 inauzwa kwa bei ya chakula cha mchana, usipoteze muda kuipima.

Nafasi ya pili: memori kadi ya GB 32

Kama redio ina nafasi ya kadi, hii inapanda hadi ya kwanza. Sababu kubwa ni joto: flashi nyingi za kawaida zimepimwa kufanya kazi hadi nyuzi 45 au 60, lakini kadi za kampuni zinazoeleweka huandikwa hadi nyuzi 85. Tafuta alama ya SDHC, ambayo inaishia GB 32 na inakuja na FAT32. SDXC inaanzia juu ya hapo na inakuja na exFAT.

Kwa nafasi ya kadi kubwa, nunua kadi kubwa. Ile ndogo ya simu ikivalishwa adapta ya plastiki hupoteza mguso kwa mtikisiko, na adapta ikipinda kwa joto inagoma kutoka. Kadi ndogo inafaa zaidi ndani ya kadi rida fupi ya USB, kwa mtu anayeijaza kupitia simu.

Kuiandaa, flashi au kadi

Hapa ndipo malalamiko mengi yanapozaliwa, kwa hiyo nenda polepole.

Fomati kwa FAT32. Kwenye Mac, chagua MS-DOS (FAT) pamoja na mpango wa Master Boot Record, kwa kuwa ukiacha GUID redio nyingi hazitaona kitu. Kama tayari unayo ya GB 64 au 128 na hutaki kununua nyingine, programu ya Rufus inaweza kuifomati kwa FAT32 pale Windows inapokataa.

Kisha panga folda. Weka ngazi moja tu: msanii au aina ya muziki, na ndani yake nyimbo. Usizidishe nyimbo 200 kwa folda, kwani redio nyingi huishia 255 na zinazobaki hazitaonekana hata utafute vipi. Ukitaka nyimbo zifuatane, anza majina ya faili na tarakimu tatu: 001, 002, 003. Ukiandika 1, 2, 10, baadhi ya redio zitapiga 10 kabla ya 2.

Hata hivyo bado unaweza kukuta mpangilio umevurugika, na sababu yake wengi hawaijui. Redio nyingi hazipangi kwa alfabeti. Zinafuata mfuatano ambao faili ziliandikwa kwenye flashi. Ukiongeza wimbo leo, utakwenda mwisho wa folda hata kama jina lake linaanza na 001. Nakili folda moja, subiri imalizike, ndipo uende ya pili. Ukishaongeza nyimbo nyingi, pitisha programu ya FATSort au DriveSort, ambayo inapanga upya orodha yenyewe bila kugusa nyimbo.

Nyimbo zilizopakuliwa kwa simu zina mtego mwingine. Faili nyingi zinazotokana na video ni M4A, aina nyingine ya faili ya sauti, na mtu akibadilisha mwisho wa jina kuwa .mp3 hajageuza chochote. Simu itaipiga kwa sababu inachungulia ndani ya faili. Redio inaamini jina, inajaribu, inashindwa, inaruka. Zigeuze kweli kwa VLC au fre:ac. Ila usigeuze MP3 ya kbps 128 kuwa 320 ukitegemea sauti bora, maana kilichokatwa hakirudi, na faili itakua bure. FLAC (faili kubwa za sauti isiyopunguzwa) ziache nyumbani kama redio haijaandika kwamba inazisoma. Kwa kelele za matairi na injini, kbps 192 hadi 256 inatosha kabisa.

Watumiaji wa Mac watakutana na nyimbo za ajabu zinazoanza na nukta na mstari wa chini, kila moja ikikaa kimya sekunde chache. Ni faili za siri ambazo Mac huacha. Kabla ya kuchomoa, fungua Terminal uandike dot_clean -m ikifuatiwa na njia ya flashi. Picha za albamu zikikataa kuonekana, zipunguze hadi pikseli 500 kwa 500 kwa kutumia Mp3tag, na ziwe JPEG ya kawaida.

Nafasi ya tatu: kubadilisha redio

Kwa gari lisilo na USB wala kadi, hii ni bora kuliko modulata (kifaa cha kurusha muziki kwa FM), ingawa inagharimu zaidi. Pima uwazi kabla ya kwenda dukani. Redio ya kawaida ya DIN mbili (saizi ya redio yenye kimo maradufu) ina upana wa milimita 180 na kimo cha 100, lakini uwazi wa Toyota nyingi za Japani una upana wa 200. Ukinunua ya 180 utahitaji vibao vya pembeni vya kuziba pengo.

Kataa fundi anayekata soketi ya gari. Nunua soketi ya kuunganishia ya Toyota, ya pini 10 na 6, nyaya za gari zibaki salama. Kwenye redio nyingi waya wa njano ni wa umeme wa kudumu kutoka kwenye betri, mwekundu unapata umeme ufunguo ukiwa ACC (hatua ya kuwasha redio kabla ya injini), mweusi ni wa bodi. Njano na nyekundu zikiunganishwa pamoja kwenye ACC, redio inasahau kila kitu ukizima gari, na kila asubuhi unaanza na wimbo wa kwanza. Zikiunganishwa zote kwenye betri, redio inaweza kuinyonya hadi gari ligome kuwaka.

Nafasi ya nne: modulata

Hiki ni kifaa kinachochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara, kinasoma flashi na kurusha muziki kwa FM. Ni rahisi, hakihitaji fundi, na sauti yake haiwezi kufikia ya waya. Shida kubwa iko kwenye magari ya Japani: redio zake nyingi zinashika kuanzia 76 hadi 90 MHz, na modulata inarusha kuanzia 87.5 hadi 108. Zinakutana kati ya 87.5 na 90 tu, na katika miji mikubwa vituo tayari vimekaa humo. Tafuta kwa mkono masafa matupu ndani ya kipande hicho. Ukisafiri utalazimika kubadilisha, kwa sababu masafa yaliyo matupu Dar yanaweza kuwa na kituo Morogoro.

Sauti ya modulata iweke karibu robo tatu, kisha ongeza upande wa redio. Ukiifikisha mwisho inapasuka, ukiishusha sana unasikia mvumo.

Za mwisho: SSD na hadi diski (hard disk)

SSD ya nje, yaani diski isiyozunguka, inavumilia mtikisiko, lakini itakuwa na maana tu kwa redio mpya inayokubali exFAT na maelfu ya faili. Hata hapo, kusubiri redio ihesabu nyimbo 20,000 kila unapowasha gari kunachosha.

Hadi diski ya kuzunguka usiinunue kwa ajili ya gari. Tundu la USB 2.0 linatoa miliampea 500, na diski ikianza kuzunguka inaweza kuhitaji karibu mara mbili ya hapo. Utasikia ikigonga tik, tik, bila kuanza. Ikifanikiwa kuanza, barabara ya vumbi na mashimo itaiua, pamoja na nyimbo zote ulizozihifadhi humo bila nakala.