Shangingi la mtumba: hesabu mistari kwanza ndo ulipe

Mwaka jana nilinunua Land Cruiser 100 VX ya 2003 kwenye yadi moja hapa Dar, nyeupe, ndani safi kabisa. Muuzaji akabonyeza kitufe gari ikapanda, akabonyeza tena ikashuka, mimi na shemeji yangu tukaridhika nikalipa siku hiyo hiyo. Wiki mbili baadaye tunaenda Tanga, mama na watoto wamekaa nyuma, kila tuta tunarushwa utadhani tuko kwenye trekta, Chalinze hatujafika mama analia mgongo.

Kwa hiyo leo siongelei rangi, viti wala ulaji wa mafuta, hayo kila mtu anauliza. Naongelea AHC, ule mfumo wa kupandisha na kushusha gari. Pampu inasukuma oili, na kila tairi lina tufe la chuma lenye gesi ya nitrojeni ndani, hiyo gesi ndo inayokupa ulaini. Miaka ikienda gesi inaisha, tufe linajaa oili, na oili haibonyei, basi gari inakuwa ngumu. Sasa shida iko hapa: gari yenye matufe yaliyokufa bado inapanda na kushuka vizuri tu, maana kupanda ni kazi ya pampu!! Ndo maana wauzaji wanapenda sana kukuonyesha kile kitufe.

Pima hivi. Gari iwe sehemu tambarare, ndani hamna abiria wala mzigo, injini inaunguruma. Fungua boneti utafute chombo cha oili ya AHC, pembeni kina mistari midogo midogo. Pandisha mpaka Hi usome oili iko mstari wa ngapi, shusha mpaka Lo usome tena. Tofauti ikiwa mistari kama 14 matufe ni mazima, ikiwa 7 au chini yake yamekwisha. Yangu ilikuwa 5. Kwenye maduka ya spea Gerezani niliulizwa laki 6 kwa tufe moja, zidisha mara nne, hapo oili yake maalumu na hela ya fundi bado. Fundi mwingine atakwambia dada tung'oe tuweke shokapu za kawaida. Inawezekana, ila VX ya AHC imefungwa tosheni baa (fito za chuma zinazofanya kazi ya springi) laini mbele na springi laini nyuma, usipobadilisha na hivyo gari itakaa chini.

Sasa kwa mpangilio wangu wa mashangingi ya mtumba, na sifichi kwamba mimi ni mtu wa Toyota, namba moja ni Land Cruiser 105 yenye injini ya 1HZ, dizeli ya 4.2 isiyo na turbo, pampu yake haina mambo ya kompyuta, na AHC haina kabisa. Nyingi zilitumika kwenye miradi ya wafadhili, zile za namba za DFP. Chungulia nyuma ya matairi ya mbele, ukiona grisi nyeusi inavuja ujue sili za habu zimeisha, ni kazi ya kuchafuka ila fundi yeyote anaiweza. Mkanda wa taimingi kama hauna ushahidi umebadilishwa lini, badilisha, usisubiri taa ya T-BELT ya kukukumbusha kwani kuna watu wanaizima tu.

Ya pili ni VX 100, ya petroli V8 4.7 au dizeli ya 1HD-FTE, kama mistari inatosha. Isipotosha toa gharama ya matufe kwenye bei, na muuzaji akikataa ondoka.

Ya tatu Nissan Patrol Y61 lakini iwe ya injini ya TD42. Zile injini za ZD30 za mwanzo zinajulikana kwa kutoboka pistoni, achana nazo. Land Rover Discovery 3 naiweka mwisho ingawa ndo rahisi kuinunua na inapendeza, maana kompresa ya upepo inayopandisha gari inakufa, na turbo ikiharibika mafundi wengi wananyanyua bodi nzima kutoka kwenye chesisi ndo waifikie. Ndo maana bei yake iko chini.

Kinachoniuma mimi ni bei. Ushuru wa kuingiza 25%, VAT 18%, juu yake ushuru wa uchakavu kwa gari kuukuu, haya tunaelewa kodi lazima ilipwe. Lakini muuzaji anakutajia hizo kodi zote kukutetea bei yake halafu ukimwambia nifungulie boneti nisome oili anakasirika, anasema wewe mwanamke unajua nini kuhusu magari. Nimeambiwa hivyo yadi tatu tofauti mwezi huu nikimtafutia dada yangu gari, na kwenye hizo tatu, moja tu walikubali niwashe nisome, ikatoka mistari 6, wakasema hicho chombo huwa hakisomeki vizuri. Dada bado anapanda daladala, tunaendelea kutafuta 105.