Programu ya kwanza ya kuandikia msimbo: mwanafunzi anayeanza achague ipi?

Wanafunzi wengi wanaoanza kujifunza lugha ya programu hukwama kabla hawajaandika mstari wa kwanza. Mtu anapakua kifurushi kikubwa kisichomhusu, anasumbuka na usakinishaji jioni nzima, anafunguliwa dirisha lililojaa vitufe asivyovijua, kisha anajiambia kwamba kompyuta si fani yake. Nimekaa kando ya wanafunzi wa namna hiyo mara nyingi, na karibu kila mara kilichowaangusha ni chombo walichopewa, wala si uwezo wao wa kufikiri. Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi, mzazi au mwalimu anayetaka kujua aanze na kipi, alipie nini na aache nini. Nimechukulia kwamba lugha yenyewe ni Python, kwa kuwa ndiyo inayofundishwa kwa wengi wanaoanza. Java, C na JavaScript nitazigusa baadaye.

Kabla ya kupanga vyombo kwa nafasi, ni vizuri ieleweke mtu anachukua nini hasa. Kuna mkalimani wa lugha, yaani programu inayosoma msimbo (maagizo yaliyoandikwa kwa lugha hiyo) na kuutekeleza, na kuna kihariri, mahali pa kuandikia msimbo huo. Hivi ni vitu viwili, lakini anayeanza huvidhania kuwa kimoja, ndiyo maana anaweza kusakinisha kihariri kizuri kabisa, akaandika, akabonyeza kitufe cha kuendesha, halafu akaambiwa kwamba Python haipo. Karibu vyombo vyote nitakavyovitaja vina toleo la bure. Kwa hiyo gharama inayopaswa kupimwa ni muda wa mwanafunzi, nafasi kwenye diski, RAM (kumbukumbu ya kazi) ya kompyuta yake na intaneti atakayoihitaji.

Nimevipima kwa maswali matatu. La kwanza ndilo lenye uzito kuliko mengine: je, chombo kinamwonyesha mwanafunzi kile ambacho kompyuta inakifanya, hatua kwa hatua? La pili ni umbali uliopo kati ya kupakua na kuona programu ya kwanza ikifanya kazi. La tatu ni iwapo chombo kinaweza kutumika kwenye kompyuta ya kawaida, tena bila intaneti.

Nafasi ya kwanza: Thonny

Thonny ilitengenezwa katika Chuo Kikuu cha Tartu nchini Estonia kwa ajili ya watu wanaoanza, na jambo hilo linaonekana kila mahali ndani yake. Unapoisakinisha inakuja na Python yake ndani, kwa hiyo lile tatizo la mkalimani aliyekosekana halitokei. Inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux, na kwenye kompyuta ndogo za Raspberry Pi huja ikiwa imeshawekwa pamoja na mfumo wake. Ukiifungua unakuta sehemu ya kuandikia juu na sehemu ya majibu chini, basi.

Sababu ya kuipa nafasi ya kwanza inaonekana vizuri zaidi katika mfano. Mpe mwanafunzi mistari hii minne:

jumla = 0
for i in range(1, 4):
    jumla = jumla + i
print(jumla)

Akiiendesha kwenye chombo chochote atapata 6. Lakini muulize hiyo 6 imetoka wapi, na wengi watakuangalia tu, kwa sababu kitanzi (yaani maagizo yanayorudiwa, yale yanayoanza na for) kimezunguka mara tatu ndani ya nukta ya sekunde na hakuna kilichoonekana. Kwenye Thonny, fungua jedwali la vigeu (majina yanayoshika thamani, kama jumla na i) kutoka menyu ya View, kisha bonyeza kitufe chenye picha ya mdudu badala ya kile cha kuendesha. Sasa programu inasimama na kusubiri. Kila unapobonyeza F7 inasogea hatua moja ndogo: katika mzunguko wa pili, kwa mfano, neno jumla linabadilika machoni pako kuwa 1, i inakuwa 2, kisha zote mbili zinaungana kuwa 3, na katika jedwali lililo kando thamani ya jumla inapanda kutoka 1 hadi 3, halafu 6. Mwanafunzi akiona jambo hilo mara mbili au tatu, kitanzi hakimtishi tena. Sijapata kueleza kitu hicho kwa maneno matupu nikafanikiwa hata nusu ya hivyo.

Thonny ina mipaka. Programu inapokua na kugawanyika katika faili nyingi, au mwanafunzi anapotaka kutengeneza tovuti, ataiona finyu. Hata hivyo, miezi ya mwanzo haihitaji hayo.

Hapa niseme kidogo kuhusu toleo la Python lenyewe, kwa sababu ni jambo ambalo miongozo mingi hulipita ilhali linamgusa anayeanza kuliko rangi za kihariri. Mwanafunzi akisahau kufunga alama ya nukuu katika print("Habari), matoleo ya zamani yalimjibu kwa ujumbe wa EOL while scanning string literal, maneno ambayo hata anayejua Kiingereza hayaelewi siku ya kwanza. Kuanzia Python 3.10, iliyotoka mwaka 2021, anaambiwa waziwazi kwamba maandishi hayakufungwa. Vilevile, akiandika jumal badala ya jumla, anaulizwa kama hakukusudia kuandika jumla. Kwa hiyo chombo chochote utakachochagua, hakikisha kina Python 3.10 au zaidi. Masomo yanayotumia Python 2 yaachwe kabisa, maana msaada wake ulikoma tarehe 1 Januari 2020. Utayatambua kwa urahisi kwa kuwa neno print huandikwa bila mabano.

Nafasi ya pili: Visual Studio Code

Kihariri hiki cha Microsoft, kilichotoka mwaka 2015, hutumiwa na wanaojifunza na wanaofanya kazi hiyo kwa mshahara, na hilo ndilo jema lake kubwa: mwanafunzi akikizoea hatakihama. Ni cha bure, kinakubali karibu kila lugha, na mafunzo yake yamejaa kila mahali. Nimekiweka nafasi ya pili kwa sababu anayeanza hulazimika kukijenga mwenyewe. Kwanza asakinishe Python kivyake, kisha kihariri, kisha aongeze kiendelezi (programu ndogo ya nyongeza) cha Python, kisha achague mkalimani atakayetumika. Kwenye Windows kuna mtego unaowanasa wengi: kisakinishi cha Python huwa na kisanduku kidogo chini ya dirisha la kwanza, chenye maneno Add python.exe to PATH, ambacho hakijatiwa alama. Ukikiruka, kompyuta haitajua Python iko wapi utakapoiita kwa jina. Kitie alama kabla ya kubonyeza kitu kingine chochote.

Mtego mwingine ni wa jina. Visual Studio na Visual Studio Code ni bidhaa mbili tofauti za kampuni ileile. Ya kwanza ni zana kubwa ya wahandisi, inayokula gigabaiti nyingi za diski, na mwanafunzi anayetafuta kihariri chepesi huipakua kwa makosa. Soma jina hadi mwisho.

Tabia moja ijengwe mapema: fungua folda ya kazi badala ya faili moja moja. Wanaofungua faili peke yake hukutana na makosa ya faili ya data kutopatikana, ilhali wanaiona pale pale walipoiweka.

Nafasi ya tatu: vyombo vya ndani ya kivinjari

Google Colab, Replit na vinginevyo vya aina hiyo havihitaji kusakinishwa. Unafungua kivinjari, unaingia kwenye akaunti, unaandika. Kwa darasa ambalo wanafunzi wanatumia kompyuta za aina mbalimbali, au kompyuta wasizoruhusiwa kusakinisha kitu, hili ni jawabu zuri. Lakini intaneti ikikatika somo limekwisha, na masharti ya matumizi ya bure hubadilishwa na kampuni wakati wowote inapotaka, kwa hiyo usiache kazi ya muhula mzima huko bila kuwa na nakala kwako.

Colab ina jambo lake la pekee. Msimbo huandikwa katika visanduku, na kila kisanduku kinaweza kuendeshwa peke yake kwa mpangilio wowote. Kwa mchambuzi wa data huo ni urahisi. Kwa anayeanza ni chanzo cha mkanganyiko: anafuta kisanduku kilichounda kigeu, kigeu kinabaki kwenye kumbukumbu, programu inaendelea kufanya kazi, na kesho yake inagoma bila sababu anayoielewa. Tena faili zilizowekwa katika kikao chenyewe hupotea kikao kikiisha.

Python Tutor, ambayo nayo ni ya kwenye kivinjari, siihesabu kama kihariri lakini naipendekeza kwa kila mtu. Unabandika msimbo mfupi, nayo inakuchorea vigeu na orodha kwa mishale, hatua kwa hatua. Siku mwanafunzi anaposhangaa kwa nini kubadilisha orodha moja kumebadilisha na nyingine, mchoro huo unamaliza mjadala.

Nafasi zilizobaki

IDLE huja pamoja na Python, kwa hiyo aliye na Python kwa kawaida ameshaipata bila kupakua kitu zaidi. Ni nyepesi na inatosha, ila inafungua dirisha la majibu kwanza, na wanafunzi huandika programu nzima humo, wakifunga dirisha wasijue pa kuipata kesho. Mwalimu akiwafundisha siku ya kwanza kufungua faili mpya, tatizo limekwisha.

PyCharm ya JetBrains ni zana nzuri sana iliyopewa watu wasio sahihi pale inapopewa wanaoanza. Inataka RAM nyingi (gigabaiti 8 ndicho kiwango kinachopendekezwa), na kila kazi mpya huja na mradi, mazingira ya pekee na folda ambazo mwanafunzi hakuziomba. Asubiri mwaka wa pili. Na asilipie akiwa bado anasoma: JetBrains hutoa leseni za bure kwa wanafunzi wanaothibitisha kwamba ni wanafunzi.

Asiye na kompyuta asikae bure. Pydroid 3 huendesha Python kwenye simu ya Android bila intaneti, na mambo ya msingi yote yanaweza kujifunzwa humo. Kinachochosha ni kibodi ya kioo, ambapo mabano na nafasi za mwanzo wa mstari hutafutwa kwa shida, na katika Python nafasi hizo ni sehemu ya lugha yenyewe. Mtu akipata kibodi ndogo ya kuunganisha na simu, kazi inakuwa nyingine kabisa.

Ikiwa lugha si Python

Kwa Java chukua BlueJ, iliyoanza mwaka 1999 kwa madhumuni ya kufundishia. Huchora madarasa ya programu (class, mafungu ya msimbo yanayounda programu ya Java) kama visanduku na kumruhusu mwanafunzi kuunda kitu kwa kubofya, kabla hajaelewa maneno yote ambayo Java huyadai ili kuchapisha sentensi moja. Kwa C na C++, Code::Blocks inatosha, lakini kwenye Windows pakua kifurushi chenye neno mingw katika jina lake, kwa sababu ndicho chenye kikusanyaji, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa programu inayoweza kuendeshwa. Kisicho na neno hilo ni kihariri kitupu. Kwa JavaScript, kivinjari ulicho nacho kinatosha: F12 hufungua zana za watengenezaji kwenye Chrome na Firefox.

Mtoto wa miaka minane hadi kumi na miwili hivi asipewe chochote katika hivyo. Apewe kwanza Scratch, iliyotoka mwaka 2007 katika maabara ya vyombo vya habari ya MIT, ambamo mtoto huunganisha vipande vya rangi badala ya kuandika. Haina malipo, ina toleo la kutumia bila intaneti, na menyu na vipande vyake vinaweza kusomwa kwa Kiswahili.

Fedha ikiwepo, iende wapi

Isiende kwenye kihariri. Ikiwa kuna fedha ya kutumia, iongezwe kwenye kompyuta: RAM ya gigabaiti 8 na diski ya SSD humsaidia mwanafunzi kila siku kuliko leseni yoyote. Thonny na IDLE huenda vizuri hata kwenye gigabaiti 4, kwa hiyo kompyuta ya zamani isitupwe kwa ajili ya somo hili.

Tahadhari moja naiweka hapa kwa msisitizo. Vihariri vingi sasa huja na akili unde inayokamilisha msimbo kabla mwandishi hajamaliza kufikiri, na kwenye Visual Studio Code huduma ya Copilot ina kiwango cha bure. Kwa anayejua kazi ni msaada. Kwa anayeanza, maandishi yale ya kijivu yanayotokea mbele ya kishale humwondolea zoezi lenyewe alilokuja kulifanya. Izimwe katika mipangilio, na iwashwe baadaye, mwanafunzi anapoweza kusoma kilichopendekezwa na kusema ni wapi kimekosea.

Kabla ya kuamua, tenga nusu saa na ufanye jaribio hili kwa chombo chochote cha kusakinishwa unachokifikiria. Kisakinishe, zima intaneti, andika ile mistari minne ya jumla, iendeshe, kisha haribu neno moja makusudi na uiendeshe tena. Tazama kama kosa limeonyeshwa kwenye mstari wake, na kama mwanafunzi mwenyewe, bila wewe kumnong'oneza, anaweza kulipata na kulirekebisha.